Pedali ya Kushoto

Pedali zote mbili za baiskeli hufungwa kuelekea mbele na hufunguliwa kuelekea nyuma. Ya kulia unaizungusha kama skrubu yoyote. Ya kushoto unaizungusha kinyume, maana ingefungwa kama mwenzake, mwendo wenyewe ungeilegeza mpaka idondoke njiani. Mjomba alinifundisha hayo siku ya kwanza ya likizo ndefu, kabla hata hajanionyesha pa kunawia mikono. Alinitaka niyarudie mara tatu kama mtoto wa chekechea, nami nikanuna. Nilikuwa nimemaliza shule, na nilijiona nina akili za kutosha kuwagawia na wengine.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu. Baiskeli zilining'inia darini kwa ndoano, na ukutani spana zilipangwa kwa ukubwa, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili ikikosekana pengo lionekane. Mjomba, kaka yake mama, si mtu wa maneno mengi. Ukikosea alikohoa mara moja. Ukirudia kosa alikohoa mara mbili, na ile ya pili hakuna aliyetaka kuisikia.

Nilikwenda pale kwa sababu ya Kiberiti. Ni rafiki yangu tangu tukiwa na meno ya utoto: mfupi, mwembamba, na hasira zake huwaka kabla hujamaliza kusema. Ila ana miguu, jamani. Kilima cha hospitali alikipanda kwa baiskeli kuukuu ya kaka yake huku wanaume wazima wameshuka wanakokota zao. Mwisho wa likizo kulikuwa na mashindano ya wasichana walio chini ya miaka kumi na minane, raundi kumi kuzunguka uwanja wa michezo na soko, na watatu wa kwanza wangechukuliwa kwenye kambi ya timu. Kiberiti angetimiza kumi na minane mwezi uliofuata. Ilikuwa mwaka huu au basi.

"Mimi naleta miguu, wewe lete baiskeli," aliniambia. Tukapeana mikono.

Kwa wiki tano niliifungua ile baiskeli ya kaka yake mpaka skrubu ya mwisho, nikaisugua kutu, nikaipaka grisi, nikaipanga upya. Kiberiti aliwaambia watu wote mtaani kwamba ana fundi wake binafsi. Niliringa, nisiseme uongo.

Halafu akaja Pancha.

Pancha alikuwa akifanya kazi na baba yake kwenye karakana ya kukereza vyuma, ng'ambo ya barabara. Mrefu, masikio yamesimama kama mtu anayesubiri kuitwa. Siku ya kwanza alikuja anakokota baiskeli, tairi la nyuma halina upepo. Nikatoa tyubu, nikaizamisha kwenye karai la maji, nikaona mapovu yanapotokea, nikabandika kiraka. Kesho yake akarudi. Keshokutwa tena. Mara ya tatu niligundua kwamba matundu yote yako mahali pamoja, kiganja kimoja kutoka kwenye vali, madogo na safi kama yaliyotobolewa kwa pini. Miiba ya barabarani haina shabaha namna hiyo.

Nikajifanya hamnazo. Nilibandika viraka taratibu kuliko ilivyohitajika, naye alikaa kwenye benchi akinisimulia jinsi anavyojua kwa mlio tu kama chuma kinakatwa vizuri au kinaungua. Alikuwa anasikiliza vitu, yule kijana. Hata mimi alinisikiliza, na nyumbani kwetu hiyo si huduma unayoipata bila kupiga kelele. Nilimpenda, na sioni sababu ya kuzunguka mbuyu.

Kiberiti hakufurahi. "Tyubu ya huyo ina viraka kuliko suruali ya fundi mwashi," alisema. "Mwambie abadilishe barabara."

"Barabara yake inaishia hapa," nilijibu, nikacheka peke yangu.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mashindano, Kiberiti alileta pedali mpya zilizonunuliwa na kaka yake. Nyeusi, bado ziko kwenye karatasi yake. Mjomba alikuwa amekwenda kutafuta spoki za magurudumu, na Pancha alikuwa kwenye benchi na tundu lake la kumi na moja. Alikuwa ananiigizia jinsi baba yake anavyogombana na mashine, na mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi. Mkono ukachukua pedali, macho yakabaki kwa Pancha. Nikaiingiza upande wa kushoto. Ikagoma. Nikachukua spana ndefu, nikaongeza nguvu, nikahisi kitu kinakubali.

Hakikukubali. Kilikuwa kinachanika. Nilikuwa nimechukua pedali ya kulia na kuilazimisha kwenye mkono wa kushoto, ule wa chuma chepesi unaobeba pedali. Nilipoitoa, nyuzi zilizochongwa ndani ya tundu zilitoka nayo, zimejikunja kama maganda ya penseli.

"Vipi?" Pancha aliuliza.

"Hakuna kitu. Tyubu yako iko tayari. Nenda."

Alipoondoka nikatenda jambo ambalo mpaka leo linaniumiza kulisimulia. Nikazungushia uzi wa nailoni kwenye pedali ya kushoto, nikapaka gundi, nikaisukumia ndani ya lile tundu bovu. Ikakaa. Mtu angeiangalia angeapa ni nzima. Mjomba aliporudi niliinama kufagia sakafu ambayo nilishaifagia.

Ijumaa asubuhi Kiberiti alikuja kuchukua baiskeli akafanye mazoezi ya mwisho. Aliizunguka, akaigusa cheni, akaminya breki, kisha akanikumbatia pale pale, na aproni yangu na grisi yake. "Umetimiza," aliniambia. "Sasa zamu yangu." Akaipanda. Mguu wa kushoto ukakanyaga pedali, na mimi akilini nikauona uzito wake wote, na kilima cha hospitali, na lori nyuma yake.

"Shuka," nikasema.

"Nini?"

"Shuka, nakuomba. Pedali ya kushoto ni ya gundi. Nimeharibu tundu jana, nikaficha."

Alishuka. Aliikamata pedali, akaivuta kidogo tu, ikambakia mkononi na uzi wake wa nailoni unaning'inia. Mjomba alikuwa mezani. Alikohoa mara mbili.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" Kiberiti aliuliza, kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akageuza kichwa kuelekea ng'ambo ya barabara, akarudisha macho kwangu. "Wiki tano nawaambia watu nina fundi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Usiiguse tena baiskeli yangu. Umenisikia? Usiiguse!"

Akaondoka kwa miguu. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Mjomba aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akaufungua ule mkono kutoka kwenye baiskeli, akauweka mbele yangu. "Amesema usiguse baiskeli," alisema. "Hii si baiskeli. Hii ni kipande cha chuma."

"Mjomba, mkono kama huu haupatikani mjini. Tulishautafuta."

"Mpwa wangu, mficha uchi hazai. Sasa umeufunua, tafuta dawa."

Dawa ilikuwa moja: kupanua lile tundu, kuingiza ndani yake bushi, yaani kipete cha chuma kigumu, na bushi hiyo iwe na nyuzi mpya ndani. Na mashine ya kuchonga bushi ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nilivuka. Pancha alikuwa amevaa miwani ya kazi, chembe za chuma zimemjaa mikononi. Nilimweleza yote, na sikumsingizia yeye, ingawa ulimi uliniwasha. Akaniuliza vipimo, akachagua chuma, akaanza kukata. Mashine iliimba vizuri. Baada ya saa nzima akanipa bushi ing'aayo, ingali ya moto. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, nikafuata nyuzi kwa ukucha.

"Hii ni ya kulia," nikasema.

"Haiwezekani."

"Fuata mwenyewe. Inapanda kulia. Pedali ya kushoto haitaingia, na ukiilazimisha nitakuonyesha kinachotokea, ninao mfano."

Akaifuata kwa ukucha wake, akaona haya mpaka masikioni. Baba yake, aliyekuwa pembeni anajifanya hasikii, alicheka mpaka akashika ukuta. Tukaanza upya. Safari hii nilisimama kando ya mashine, na hakuna aliyechekesha mwenzake. Alikata, nikapima, akakata, nikapima. Ilipokamilika nilikwenda kutoboa mwenyewe, nikaisukumia bushi mahali pake kwa jiliwa, kile kibanio cha mezani, taratibu, robo mzunguko baada ya robo mzunguko, pamoja na gundi ya chuma. Tukaiacha ikauke hadi Jumamosi alasiri.

Jumamosi Mjomba aliubana ule mkono kwenye jiliwa, akafunga pedali, akapanda juu yake kwa mguu mmoja na uzito wake wote, ambao si mdogo. Akaruka. Akaruka tena, meza ikalia, spana zikacheza ukutani. Nilikuwa nasubiri kikohozi. Akashuka, akatoa pedali, akaufunga mkono kwenye baiskeli.

"Pedali ataifunga yule atakayetakwa na mwenye baiskeli," alisema, akaenda kunawa.

Jioni ile Pancha alisimama mlangoni na baiskeli yake. Kwa mazoea nikavuta karai.

"Leo tairi ni zima," alisema. "Nimekuja tu."

"Na pini umeiacha wapi?"

Alifunika uso kwa mikono miwili. "Tangu lini unajua?"

"Tangu tundu la tatu."

"Na ukanyamaza!"

"Ungeacha kuja," nikamwambia, na kwa kuwa ilikuwa kweli sikuona haya. Tulikaa kwenye benchi bega kwa bega, hatukufanya lolote zaidi ya hapo, na nilihisi kama nimepewa funguo za mji. Hata hivyo nilimwambia kwamba kesho nitakuwa upande wa Kiberiti, hata kama hanitaki, na yeye akae mbali na macho yangu mpaka raundi ya kumi. Akaelewa.

Jumapili asubuhi watu walijaa kandokando ya barabara. Kiberiti alifika na kaka yake, baiskeli begani mwa kaka, pedali ya kushoto mkononi mwake mwenyewe. Hakuwa amezungumza nami tangu Ijumaa. Mjomba akanyoosha mkono apokee pedali. Kiberiti akampita, akaja akasimama mbele yangu.

"Funga," akasema.

"Ulisema nisiiguse."

"Nilisema. Mjomba wako alituletea baiskeli na pedali nyumbani jana, akaniambia ulivyofanya. Sasa nasema funga, na usinilize, nina mashindano."

Nikapiga goti. Nikaigeuza pedali nikasoma alama yake, ya kushoto, nikaisoma tena. Nikaianzisha kwa vidole vitupu, ikaingia laini kama kifuniko kwenye chupa yake. Kisha spana. "Mbele," nikasema kwa sauti, na watu wakanishangaa. Kiberiti akapanda, akakanyaga mara moja, hakuangalia chini.

Nilisimama kwenye kona ya soko, pale njia inapoanza kupanda. Raundi sita za kwanza alikuwa kwenye kundi la mbele. Raundi ya saba msichana mmoja aliteleza mbele yake, akaanguka, na Kiberiti akalazimika kusimama kabisa, mguu chini. Alipopita kwangu alikuwa wa tisa. Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo.

Raundi ya nane alikuwa wa saba. Ya tisa, wa tano. Watatu tu ndio wangechukuliwa. Mara ya mwisho alipoingia kwenye mpando aliinuka kutoka kwenye kiti, akasimama juu ya pedali, na wengine wote wakatoweka machoni mwangu. Niliangalia mguu mmoja. Kushoto, unashuka na uzito wote. Kushoto tena. Kushoto tena. Baiskeli iliyumba chini yake huku na huku, na ule mkono ukashika, na pedali ikashika. Akampita wa nne, akampita wa tatu. Kileleni alikuwa sambamba na wa pili, na huko mbele sikuona tena, nikaanza kukimbia na aproni yangu, nawasukuma watu wazima bila hata samahani.

Nilifika kwenye mstari nikasikia wanalitaja jina lake, lile la shule ambalo hakuna anayelitumia. Wa kwanza. Kwa urefu wa gurudumu moja. Kaka yake alikuwa amekaa chini barabarani analia. Pancha alikuwa juu ya ukuta, mikono yote hewani.

Kocha wa kambi, mama mmoja mrefu mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameshamshika Kiberiti bega. "Utaripoti Jumatatu," alimwambia. "Huko utapewa baiskeli mpya ya timu. Hii kuukuu mwachie kaka yako, ipumzike."

"Ahsante, mwalimu." Kiberiti alikuwa bado anahema, jasho linamdondoka kidevuni. "Hiyo mpya naipokea kwa mikono miwili. Lakini haiguswi na mtu kabla ya fundi wangu."

"Fundi wako ni nani?"

Kiberiti akanivuta kutoka kwenye umati, akauinua mkono wangu juu na grisi yake yote. Kocha akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye aproni.

"Huyu?"

"Huyu huyu," akasema Kiberiti. "Aliiharibu mwenyewe, akaitengeneza mwenyewe. Akifunga yeye, haifunguki."