Kuanika Macho

Asubuhi ile wifi yangu Zakia alinikuta nimeketi kwenye ngazi ya uani, uso nimeuelekeza juani, macho nimeyafumba. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia naota jua, nina baridi, na huo ulikuwa mwezi wa Desemba, Lindi nzima inatokwa jasho tangu alfajiri. Zakia si mtu wa kudanganywa kirahisi, lakini siku hiyo aliingia zake jikoni.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nayaanika macho yangu.

Tangu shule ya msingi nilivaa miwani mizito iliyonichimba pua, na mtaani kwetu Mtanda waliniita Ziada Miwani. Kisha mambo yakafunguka, watu wakawa wanakwenda Uarabuni na kurudi, na dada yangu Kidawa, aliyeolewa Maskati, akaniita nikamkande alipojifungua. Alipotoka arobaini alinishika mkono, akanipeleka kwa daktari wa macho. Leza ikapita jicho moja, ikapita la pili, kazi ikaisha kabla sijamaliza kusoma dua zangu. Kesho yake nilisimama dirishani nikisoma namba za magari barabarani, machozi yakinitiririka.

Daktari aliniasa nitie dawa ya matone, nisisugue macho, na kila mwaka nikapimwe hata kama naona vizuri. Matone niliyamaliza. Hilo la kila mwaka nililiacha hukohuko Maskati. Mtu huumwi, unakwenda kupanga foleni hospitali kutafuta nini? Kwetu huko ni kuuita ugonjwa kwa jina lake. Tena nilikuwa nimevimba kichwa. Nilikuwa wa kwanza kumtambua mtu anayekuja kutoka mwisho wa mtaa, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Miaka ikapita, sindano ikaanza kukataa uzi. Kisha mawe yakaanza kubaki kwenye mchele. Siku moja tuna wageni, Zakia akatema jiwe kiganjani, akaliweka ukingoni mwa sahani taratibu.

"Macho ya Maskati, wifi, yanaona meli tu," akasema. "Mawe hayayaoni."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Ndani nilikuwa nimekufa ganzi.

Nilijua kinachotokea, au nilidhani najua. Leza ni mwanga. Walinitia mwanga, na sasa ulikuwa unaisha. Siku hizo maduka yalijaa redio na tochi za kila namna, na betri zikichoka tulizianika juu ya bati, zikarudisha nguvu za siku mbili tatu. Sasa mimi mwanga wangu ningeuongeza wapi, kama si juani? Basi kila asubuhi nikawa nayaanika, na mchana nabana matumizi: natwanga macho yamefumbwa, nakwenda chooni kwa kupapasa ukuta. Macho yakawa mekundu, yanawasha kana kwamba yana mchanga, na ukungu ukaanza kuniingilia. Niliogopa. Nilijiona nimeshikwa mkono na Zakia, napelekwa kuoga, na yeye ana maneno yake njia nzima.

Mume wangu Abdulrahmani sikumwambia kitu. Lakini jioni moja, baada ya Magharibi, nilikuwa nasoma Yasini na msahafu mapajani. Naijua kwa moyo, kwa hiyo nilikuwa nafunua kurasa kwa kukisia tu. Akaja akaketi karibu yangu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama Rehani," akasema, "ulichosoma hakimo kwenye ukurasa huo."

Nikamweleza yote. Hakucheka hata kidogo. Kulipokucha alinipakia kwenye baiskeli yake, akanipeleka hospitali.

Muuguzi wa macho alikuwa binti wa Newala, jina lake Valeria. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa shingo upande, maana sikujihesabu bado miongoni mwa wa kuamkiwa. Alinionyesha ubao wa herufi E zinazoelekea huku na huku, nikazitaja zote hadi mstari wa chini kabisa. Akanipa kadi ya maandishi madogo niishike mkononi, nikaona sisimizi watupu. Akanidondoshea dawa ya njano, akanimulika kwa taa ya buluu, akanipima presha ya macho, kisha akawa anaandika tu. Nikashindwa kuvumilia.

"Sista, niambie tu. Mwanga umebaki kiasi gani?"

Akauliza mwanga gani. Nikamweleza, na habari ya betri nikamweleza. Akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Alipogeuka alikuwa amekunja uso.

"Mama, leza haikukutia kitu. Ilichonga kioo cha jicho, na kilivyochongwa ndivyo kilivyo mpaka leo. Huu wekundu umejitakia mwenyewe na jua lako. Nitakupa matone, macho yatapoa."

"Na mawe kwenye mchele?"

"Huo ni umri. Ukipita arobaini, vitu vya karibu vinakataa, na hakuna mashine inayozuia umri. Utapata miwani ya kusomea. Ungekuwa unakuja kila mwaka, ningekwambia zamani. Na mwakani uje, maana presha ya macho haipigi hodi."

Nililia pale kwenye kiti, nikamshika mikono nikamshukuru mpaka akaona haya. Katika maisha yangu sijawahi kupewa habari nzuri kama ile ya kwamba nimeanza kuzeeka.

Abdulrahmani alikuwa amesimama nje, kashika baiskeli kwa mikono miwili, midomo imemkauka. Aliponiona nimelia, uso ukamshuka.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni uzee, Baba Rehani. Uzee tu."

Alinitazama, akatazama chini, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu jana.

"Basi tuzeeke," akasema, akaigeuza baiskeli nipande.