Koo Lina Wati Ngapi?

"...na mwenye maziwa anasema leo yapo, ila njooni na vyombo vyenu, chupa zimemwishia," Chiriku alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Aliyeingia alikuwa mkaguzi wa mamlaka ya mawasiliano, kitambulisho kifuani, kifaa cha kupimia mawimbi mkononi. Alipitisha kidole shingoni: kata. Chiriku hakukata. Alinyoosha mkono kwenye kamba iliyofungwa juu ya meza, akachomoa karatasi iliyofuata kwenye kibanio chake cha nguo, na papo hapo taa nyekundu ukutani, ya kuonyesha wako hewani, ikazimika. Mkaguzi alikuwa ameshafika kwenye swichi ya mtambo.

Kwa kazi Chiriku alikuwa msusi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa vile mdomo wake ulikwenda mbio kuliko vidole, na vidole vyenyewe havikuwa vya mchezo. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni, aliketi kwenye chumba hiki chenye trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi, akawasomea majirani matangazo yao. Redio ya jamii, wati hamsini tu. Hata taa ya sebuleni kwa tajiri inaweza kula umeme zaidi ya huo, na watu waliipenda hivyo hivyo.

Matangazo yalitundikwa kwenye kamba kwa foleni. Aliyewahi kuleta ndiye aliyewahi kusomwa, awe na msiba, awe na mbuzi aliyepotea. Kuna siku tangazo la mwenyekiti wa mtaa lilirushwa foleni likasomwa kwanza, ukazuka ugomvi mpaka watu wakaacha kusalimiana, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuupangua mstari ule.

Ndiyo maana karatasi ya bwana afya, iliyoletwa nyuma ya zote, ilikuwa inaning'inia mwisho wa kamba. Bomba la maji taka lilikuwa limepasuka, uchafu ukaingia kwenye bomba la maji ya kunywa. Watu wasinywe, wasipikie. Chiriku aliitundika mwenyewe, tena kwa fahari ya mtu asiye na upendeleo. Sasa aliitazama kwa hofu. Saa hizi watu walikuwa bombani wanakinga.

"Mama, kituo cha jamii hakiruhusiwi kutoa matangazo ya biashara," mkaguzi alisema. "Tumepata malalamiko. Na leo nimesikia kwa masikio yangu, maziwa."

"Mwenye maziwa halipi kitu, mwanangu. Anakuja, anasema shida yake, anatundikiwa."

"Kanuni haiulizi kama amelipa. Inauliza kama anauza."

"Hapa nani hauzi? Mimi nasuka, yule ana mkaa, huyu shemeji yangu anatengeneza redio mbovu. Kama mwenye kuuza hasemwi, basi tukae kimya sote! Tumewaandikia mara ngapi muibadilishe kanuni hiyo? Na hao waliolalamika, si ndio redio kubwa ya mjini? Wale hata kukohoa wanalipwa."

Shemeji, ambaye ndiye fundi mitambo wa kituo, alimvuta mkono. "Chiriku, taratibu. Huyu ametumwa."

Kweli alikuwa ametumwa, na hakuwa mtu mbaya. Alizungusha waya kwenye swichi kwa uangalifu, akaubana kwa lakiri ya serikali.

"Ngoja!" Chiriku alichomoa karatasi ya mwisho. "Fungua kwanza. Kuna tangazo la maji."

"Ndiyo hayo hayo, mama. Matangazo."

"Si la kuuza! Maji yameingia kinyesi!"

Mkaguzi alishusha pumzi. "Kila kituo ninachofunga kuna mtoto amepotea, kuna ugonjwa umeingia. Mkinilaghai mara kumi, ya kumi na moja nitaijuaje? Halafu lakiri ikishabanwa, mimi siwezi kuifungua. Mpaka ofisini."

Neno lilikuwa moja, tangazo, la maziwa ni hilo na la sumu ni hilo. Chiriku alipandwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, kwa ile foleni yake.

"Tutume kwenye simu," shemeji alinong'ona.

"Bibi zangu wa bombani wana simu za kusomea nini, Shem?"

Alitoka nje, akajifunga kanga kiunoni, akashika ngazi ya mnara wa redio. Alipanda mpaka akalipita paa, mpaka akauona mtaa wote, ndoo zimepangana bombani. Ujumbe wa mbuzi na wa msiba alikuwa ameuacha ndani kwenye vibanio. Leo maji yanaruka foleni, na atakayenuna anune.

"Jamaniii! Maji ya bomba ni machafu! Msinywe! Msipikie!"

"Mama, shuka!" Mkaguzi alikuwa chini, anamtazama kwa kukunja uso. "Utaanguka!"

"Na sauti hii nayo inahitaji leseni? Si una kipimo hapo? Pima basi, koo langu lina wati ngapi!"

Watu walicheka, lakini alijua kuwa sauti yake inaishia kwa muuza mkaa. Akarudia. Koo likamkwaruza. Muuza mkaa akasimama juu ya gunia, akageukia upande wa pili na kuyapaza maneno yale yale kwa sauti yake nzito. Kinyozi akayadaka, akayaharibu kidogo, yakawa "maji yamekufa", ila yalikwenda. Mbele zaidi mwanamke asiyeonekana akayachukua. Kwenye bomba, mtu wa kwanza aliondoa ndoo yake.

Chiriku aliangalia chini. Bibi mmoja mwenye masikio mazito alikuwa tayari ametoka bombani, ndoo kichwani, na alisimama karibu na gari la mamlaka akitazama midomo ya watu bila kuelewa. Alimshika mkaguzi mkono wa shati.

"Mjukuu wangu, yule wa juu anasemaje?"

Mkaguzi aliitazama ndoo. Aliangalia juu, kwa Chiriku, aliyekuwa amefumba mdomo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Kisha akakiweka kifaa chake juu ya gari, akainama, akakusanya viganja mdomoni, akasemea kwenye sikio la bibi.

Kutoka kule juu hayakusikika aliyosema. Ilionekana tu bibi akimshika mkono ili ashushe ndoo, akaiinamisha pale pale barabarani, na maji yakatiririka mpaka kwenye viatu vya mkaguzi, naye hakuvisogeza.