Bastola Halali ya Kentucky

Jovini alinunua bastola baada ya kuporwa kwenye kituo cha mafuta, pale Shively, kando ya Louisville, akitoka kazini kwenye ghala. Mkewe, Spés, hakuipenda. Lakini dukani walikuwa wamemkagua mumewe wakamwona hana doa, na muuzaji akamweleza kwamba katika jimbo la Kentucky mtu mzima kama yeye anaweza kutembea nayo bila kibali.

"Na askari akikusimamisha," muuzaji alisema, "mwambie mwenyewe kwamba unayo. Usimfiche."

Jovini aliyashika maneno hayo kama mtoto anavyoshika katekisimu.

Mwezi wa sita walifunga safari na watoto wao wawili kwenda Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, kwenye harusi ya Teopista, mdogo wake Spés. Walipumzika Columbus kwa Karimi, dada wa Kimeru kutoka Kenya. Karimi aliwahi kuwafundisha Kiingereza, wao na wakimbizi wenzao wa Kirundi, kanisani kwao Louisville, na sasa alikuwa chuoni akisomea sheria. Walipokaa kula, Jovini aliitoa bastola kiunoni akaiweka juu ya friji.

"Baba Divine, na hiyo?" Karimi alishtuka.

"Ni halali, mwalimu. Hata hapa Ohio nimeuliza, wanaruhusu."

"Sawa. But watoto wasiishike, please."

Wakaendelea kula.

Kesho yake waliingia New York bila kusimamishwa na mtu. Kulikuwa na kibao tu cha kuwakaribisha, na Divine, binti yao mkubwa, alikisoma kwa sauti. Walikuwa wamebakiza mitaa michache kufika kwa Teopista pale askari alipowasimamisha kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa imeungua. Alikuwa kijana mpole, akawasalimia hata watoto.

Jovini aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. "Afande," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "ndani ya gari nina bastola. Ni yangu. Nilinunua Kentucky."

"Una kibali cha New York?"

"Kentucky hawadai kibali."

Askari alimtazama kama mtu aliyetamani asingesikia. Kisha akamwomba ashuke, akamtia pingu watoto wakiona. Divine aliuliza kwa Kiingereza, "Baba amefanya nini?" Spés alimgeuza uso asiendelee kutazama.

Alimpigia Karimi akiwa bado kando ya barabara. Karimi alisikiliza mpaka mwisho, kisha Spés akasikia kiti kikiburutwa.

"Dada, ilikuwa na risasi ndani?"

"Ilikuwa nazo. Bastola bila risasi ni ya nini?"

"Mungu wangu. Nyumbani kwangu niliiona, nikanyamaza." Spés alisikia kurasa zikifunuliwa. "Kila jimbo lina sheria yake. Hicho mlicho nacho, kule Kentucky si kosa. Huko New York ni felony, kosa kubwa, la jela. Na hawaangalii kama alikuwa na nia mbaya. Kuwa nayo tu kunatosha."

"Lakini alisema mwenyewe!"

"Najua. Na hayo ndiyo watakayomsomea mahakamani."

Spés aliuliza swali ambalo mtu yeyote wa kwao angeuliza. "Aliyemshtaki ni nani? Niende kwake na wazee wa kanisa, tumwombe radhi, tuyamalize."

"Hakuna mtu, dada. Kwenye kesi wataandika kwamba wanaoshtaki ni watu wa jimbo la New York."

"Watu gani? Nitawapata wapi?"

Karimi alimwambia aulize mumewe anapelekwa jela gani.

Harusi ilifanyika. Spés alisimama karibu na mdogo wake, akiwa na gauni aliloshonewa Louisville, na kwenye picha zote anatazama mlangoni. Wiki zilizofuata alibaki kwa Teopista, akienda jela kumwona mumewe siku zinazoruhusiwa. Wakili waliyepewa na mahakama alikuwa mama mmoja mwenye haraka na huruma pia. Alizungumza nao kwa njia ya mkalimani aliyekuwa kwenye simu.

"Tukienda kwenye kesi tukashindwa, ni miaka mitatu na nusu jela, pengine zaidi," mkalimani alisema. "Mwendesha mashtaka anatoa nafasi. Jovini akikiri kosa dogo zaidi la silaha, anatoka."

"Basi akiri!" alisema Spés.

"Kuna jambo lingine. Jovini si raia. Kosa lolote la silaha, hata dogo, linaweza kuwafanya watu wa uhamiaji wamwondoe nchini. Hao ni wa serikali kuu, na jaji wa hapa hana mamlaka juu yao."

Jovini aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo milango ni miwili," alisema, "na yote inatokea nje ya nchi."

Mkalimani akamtafsiria wakili.

Jovini alikiri. Jaji alimuuliza kama kuna aliyemlazimisha, akajibu hapana. Akamuuliza kama anaelewa kwamba anaweza kufukuzwa Marekani. "Naelewa," alisema Jovini. Spés, aliyekuwa benchi la nyuma, alimjua mumewe. Alikuwa ameelewa kweli, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angekuwa hajaelewa.

Siku ya kutoka, maofisa wa uhamiaji walikuwa wakimsubiri. Walimpeleka kizuizini Batavia, si mbali na Buffalo.

Karimi alihangaika mpaka akapata wakili wa uhamiaji, naye akaomba Jovini asamehewe. Jaji wa uhamiaji alisikiliza vizuri. Alisifu miaka yake ya kazi, akamsifu kwa kusema kweli kwa askari, kisha akakataa ombi. Akauliza arudishwe nchi gani.

"Nilizaliwa kambini Mtabila, Tanzania," Jovini alisema. "Wazazi wangu ni Warundi. Mimi Burundi sijawahi kuikanyaga."

Jaji aliandika Burundi.

Spés aliendesha gari mwenyewe kurudi Shively, akasimama Columbus ili watoto wale. Karimi aliwaletea chakula kwenye maegesho, akamkumbatia Spés.

Simu kutoka Bujumbura ilikuja Jumapili, wametoka kanisani. Jovini alikuwa amepokelewa na mchungaji mmoja asiyemjua. Alisema mvua inanyesha. Alisema watu wa hapo wanacheka Kirundi chake, wanasema ni cha kambini.

Divine akamnyang'anya mama yake simu. "Unarudi lini?" aliuliza kwa Kiingereza.

Jovini alimwita kwanza kwa jina lake.

"Muulize mama," alisema.

Divine aliishusha simu akamgeukia Spés, akasubiri.