Stata Arobaini za Buluu

Mimi si mwepesi wa kumpima mtu. Mkwe wa tajiri wangu nilimpa wiki tatu kabla sijaamua kwamba kichwani mwake hamna kitu, na hata hapo niliamua kwa masikitiko.

Karakana yetu hufufua stata, zile mota za kuwashia injini za magari. Mteja huleta iliyokufa, huondoka na iliyofufuliwa. Zilizokufa hukaa rafu ya kushoto na grisi zake. Nikishaifungua moja, nikaitengeneza na kuijaribu kwa betri, ndipo naipaka buluu na kuihamishia kulia. Katika kila kumi zinazorudi, sita hupona. Nne ni za kunyofoa vipuri tu. Kwa hiyo kila kumi zikiingia, tuliagiza mpya nne. Hesabu hii hakunifundisha mtu. Ilinichukua miaka kumi na moja na vidole vilivyoungua.

Mkwe alimwoa binti wa Mama, mwenye karakana, akapewa stoo kama nyongeza ya fungate. Alikuja na cheti na kalamu tatu mfukoni. Akasema rafu ya kushoto inatia aibu. Nilipokwenda kumzika shangazi yangu, siku mbili tu, akazipulizia zote buluu, zilizo hai na zilizokufa, akazipanga mstari mmoja kama wanafunzi. Kisha akafuta oda ya mpya. Aliniambia stata iliyorudi ni stata iliyopo. Nikamuuliza kama na marehemu shangazi nimhesabu yupo. Akaandika kitu.

Jumatatu akaja msimamizi wa gereji ya mabasi, mteja aliyekuwa akitulisha sote. Alitaka ishirini, na mkataba wake nasi ulikuwa unaisha mwezi huo. Mama akauliza kama zipo.

"Zipo arobaini, Mama," Mkwe akasema.

Mama akanigeukia. "Fundi?"

"Arobaini zina rangi, Mama. Zinazozunguka sijui ni ngapi."

Nikavuta betri mezani. Ya kwanza kimya. Ya pili ikatoa mlio mmoja, kama kikohozi cha mgonjwa. Ya tatu ikazunguka, na Mkwe akapiga makofi. Ya nne na ya tano, kimya. Akapendekeza kwamba labda betri ndiyo imechoka. Msimamizi alimtazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai, akaniambia niendelee.

Mpaka adhuhuri nilikuwa nimezijaribu zote. Nzima zilikuwa kumi na nne. Msimamizi akazipakia, akasema sita zilizobaki atazichukua karakana ya ng'ambo ya barabara, na mkataba nao atautia saini hukohuko. Hakupandisha sauti. Mama alisimama mlangoni mpaka gari la msimamizi lilipovuka barabara.

Nyuma yetu Mkwe akasema, walau rafu sasa inapendeza.

Mama akageuka, akamnyooshea mkono apewe ufunguo wa stoo. Mkwe akaushika mkono huo kwa mikono yake miwili, akashukuru.

Ilibidi mimi nimweleze.