Mjomba wa Kila Mtu

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alilipata karakanani akiwa bado anajifunza kazi, siku alipoitoboa suruali ya bosi wake kwa moto. Mageti mengi ya mtaa wao aliyatengeneza yeye. Chakula kilipoanza kumkwama kooni alisema ni moshi wa kazi. Alipoanza kuteremsha kila tonge kwa maji alisema mkewe siku hizi anapika kwa hasira. Mkewe alicheka, akaanza kumpikia supu, na alipoona hata supu inarudi, akamshika mkono akampeleka hospitali.

Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, aliwaita mke wa Cheche na dada yake ofisini.

"Ni saratani ya koo la chakula," alisema. "Imeshafika kwenye ini."

"Itatoka?" mkewe aliuliza.

"Haitatoka. Ila tukimwekea mrija apate kumeza, kisha tukampa dawa za dripu, atapata muda. Muda wa kukaa na watu, si wa kulala tu."

Bei aliyoitaja iliwafanya wote wawili waangalie sakafu.

Dada ndiye aliyekuwa mkubwa, na mzigo ukamwangukia yeye. Alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi wote pamoja na mama yao. Mashine ya kuchomelea iliuzwa. Mafundi wenzake Cheche walichanga walichokuwa nacho. Ndugu nao walipigiwa simu mmoja mmoja: wengine walitoa pesa, wengine walitoa ushauri, na wengine simu zao hazikupatikana tena. Vyote vikijumlishwa, havikufika hata nusu.

Mteja aliyeleta sketi ya kupunguzwa ndiye aliyemtaja Mjomba.

"Humjui? Yule wa kwenye simu, anayewachangishia wagonjwa. Mtumie ujumbe tu, wifi, ana moyo yule."

Ujumbe ulitumwa, na Mjomba akaja mapema mno, kabla Dada hajapata hata nafasi ya kumweleza mama yake. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooka, sauti ya mtu aliyezoea kufariji. Alimwita Mama "dada yangu", na Mama, ambaye hakuwahi kuwa na kaka, akalia. Kisha Mjomba akaingia kwa mgonjwa, akazungusha macho polepole ukutani na dirishani. Aliomba pazia litolewe kwa sababu lilikuwa zuri. Aliomba redio itolewe.

"Watu wakiona redio watasema mnajiweza."

Halafu akaomba kitanda kigeuziwe upande wa ukuta uliobanduka rangi.

"Na mimi nitolewe, Mjomba?" Cheche aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza. "Maana naona mimi ndiye ninayeichafua picha."

Mjomba hakucheka. "Wewe ndiye picha yenyewe," alisema.

Jioni Dada aliiona video. Ilikuwa imetiwa muziki wa huzuni, na kamera ilikawia kwenye mbavu za kaka yake mpaka akaona aibu kutazama. Chini yake watu wasiowajua walikuwa wanalia na kuomba dua. Michango ilipita kwenye namba ya Mjomba, na hospitali alilipa mwenyewe, kama alivyoahidi. Mrija ukawekwa. Dripu ya kwanza ikaingia. Cheche akaanza kumeza ndizi mbivu, kisha mayai, kisha akaomba kiti kitolewe nje. Akakaa mbele ya nyumba, akimwelekeza fundi mwenzake namna ya kunyoosha bawaba ya geti la jirani, na kumtania kwamba ana mikono ya kukandia unga.

Hivyo ndivyo Mjomba alivyomkuta, alipokuja bila taarifa. Dada alikuwa dirishani kwenye cherehani, na aliuona uso wa mtu yule kabla hajaupanga.

"Nani amemtoa nje?" Mjomba aliuliza.

"Ametoka mwenyewe," mkewe Cheche alijibu kwa fahari.

"Vizuri. Vizuri sana."

Aliingia kwa Dada, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Dada mkubwa, watu wamepoa. Mtu anakaa juani, anacheka. Huyo hachangiwi."

"Na dripu ya pili?"

"Tuvute subira kidogo."

"Tunasubiri nini?"

Mjomba aliitazama sindano ya cherehani iliyokuwa imesimama juu ya kitambaa.

"Hali," alisema, akaaga kwa adabu.

Tarehe ya dripu ikapita. Dada akipiga simu, iliita mpaka ikakatika. Cheche alirudi kitandani, macho yakaanza kuwa manjano, na mwili ukawa unaondoka kama mtu anayevuliwa nguo polepole. Hapo ndipo Mjomba alipotokea tena, bila kuitwa, na begi la mashati.

Alimvalisha la kijani. "Sema: asanteni, leo nina nafuu kidogo, msiniache." Cheche akasema. Alimvua, akamvalisha jeupe. "Sema: jana nililala vizuri kwa sababu yenu." Akamvua tena.

"Mjomba, yote haya ni ya leo?" mkewe aliuliza.

"Ni ya akiba, binti yangu. Kwa siku atakayokuwa hawezi kuongea."

"Au siku nitakayokuwa sipo," Cheche alisema.

"Usiseme hivyo," Mjomba alimjibu, na kwa vidole vyake mwenyewe akamfunga kifungo cha shingoni cha shati la buluu, kile kinachobana koo.

Alipoondoka, Cheche alimwita dada yake akae kitandani.

"Yule mtu ananipima."

"Anakupima nini?"

"Kama mimi nilivyokuwa napima chuma. Namwona anavyoangalia aanzie kukata wapi. Asirudi, Dada."

"Na dripu je?"

"Kwani ameileta?"

Dada alimpigia Mjomba, na safari hii simu ilipokelewa mara moja. Alimshukuru, akamwambia asije tena, na pesa zilizobaki azipeleke hospitali. Hospitali hakukufika kitu. Lakini jibu lake Dada alilisikia masikioni kwa muda mrefu, kwa jinsi lilivyokuwa laini.

"Sawa. Ila mimi, dada mkubwa, mtu wangu huwa simwachi."

Asubuhi yake Cheche aliomba apelekwe karakanani. Walimkalisha kati ya vyuma vyake, Dada akashika simu, naye akasema kwa sauti ile iliyobaki:

"Mimi ni Cheche, fundi wa mageti. Mmeambiwa nikichangiwa nitapona. Sitapona, daktari amesema, na mimi nimeelewa. Ninachoomba ni dawa ya maumivu, na mtu wa kumsaidia mke wangu kunigeuza. Asiye na kitu asijali. Ila kama una geti langu, litie mafuta, nasikia yanapiga kelele mtaani."

Waliweka namba ya Dada hapo chini. Hakikuja kingi, lakini dawa ilipatikana, na daktari yule wa sauti ya chini akapanga muuguzi awe anafika nyumbani. Cheche alikufa mchana, mkewe akimkata kucha. Mkewe alikuwa amefika kidole cha mwisho cha mkono wa kulia ndipo akagundua kwamba mkono umekuwa mzito.

Walizika. Watu walitawanyika. Dada akarudi kwenye nguo za wateja, na kwa muda nyumba ikawa kimya.

Siku moja aliingia chumbani kwa Mama akamkuta amekumbatia simu, anatabasamu. Kwenye simu alikuwa Cheche ndani ya shati jeupe.

"Jana nililala vizuri kwa sababu yenu," alisema.

Video ilikuwa imewekwa asubuhi ileile. Chini yake watu walikuwa wanamtakia afya njema na kuuliza watume pesa wapi.

"Mama, hii ni ya zamani."

"Najua. Mimi si mjinga." Mama hakuinua macho. "Kila wiki Mjomba ananiletea moja. Bado shati la buluu."

"Anaombea pesa maiti, Mama. Nakwenda polisi."

"Ukienda wataifuta."

"Si tunayo ile ya karakanani?"

"Ile anasema hatapona," Mama alisema. "Hizi anasema ana nafuu."

Dada hakwenda siku ile. Alivumilia mpaka shati la buluu lilipokuja, akamwacha mama yake alitazame mpaka alipochoka mwenyewe. Kisha akachukua hati ya kifo, akaenda kituoni. Ofisa wa zamu aliitazama video, akaitazama hati, akashusha pumzi.

"Huyu tunamsikia. Wenye ndugu kama wako ni wengi. Ila wewe ndiye wa kwanza kukubali kuandikisha."

"Wengine wanazuiwa na nini?"

"Wazazi," ofisa alisema.

Video zikafutwa. Mjomba mwenyewe hakupatikana. Nyumba aliyokuwa amepanga ilikutwa tupu, na ukurasa wake ulifungwa kabla askari hawajamaliza kuusoma. Na Mama akaacha kuzungumza na Dada. Alikula chakula alichopika Dada, alifua nguo zake mwenyewe, alizungumza na mkewe Cheche kama kawaida, lakini Dada akisalimia, Mama alitazama pembeni. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka Dada akazoea kumsalimia mtu asiyeitikia.

Kisha simu ikalia mchana mmoja, Dada akiwa anapinda gauni. Ilikuwa sauti ya msichana, imeshushwa sana.

"Samahani. Namba yako nimeikuta kwenye video ya yule fundi wa mageti. Wewe ni dada yake?"

"Ndiye mimi."

"Kuna mtu amekuja kumsaidia baba yangu. Anasema tumwite Baba Mdogo. Amekuja na begi la mashati. Lakini mimi, sijui, moyo wangu hautulii."

Dada alitoa mguu kwenye cherehani. "Yuko wapi sasa hivi?"

"Chumbani na baba. Ametuambia tungoje nje. Amefunga mlango."

"Ugongeni mpaka afungue. Usikate simu. Nielekeze kwenu."

Aliposimama alimkuta Mama mlangoni. Alikuwa amesikia, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na ile sauti, japo ya chini, ilifika. Uso wake ulikuwa umekauka. Alimtazama binti yake kwa muda, kisha akageukia uani, akamwita mkewe Cheche aache kufua aje upesi.

"Usiende peke yako," Mama alimwambia Dada. "Nenda na wifi yako. Na mumpitie yule ofisa."