Pumzi ya Mbeyu Yachaguliwa Timu ya Taifa

Alhamisi jioni, nyumba za mtaa wa Kuze zilipokuwa zikifukizwa udi, Mbeyu alikaa barazani akingoja moshi utulie. Alikuwa na pumu, ile inayoamshwa na mbio. Akikimbia mizunguko miwili uwanjani, pumzi ilimtoka mdomoni, nyeupe, kimo cha paka, ikarudi nyumbani peke yake. Bi Mwanaesha, mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa akiifungulia mlango.

"Yako imeshaingia kitambo," Bi alimwambia siku moja, Mbeyu alipofika baadaye akitembea. "Hata salamu haikunipa."

"Niwie radhi, Bi. Haina adabu."

"Na itaipata wapi, kwako wewe?"

Mivuto miwili ya pampu ya dawa ya pumu kabla ya mbio iliizuia pumzi ndani. Lakini mwaka ule, tisini na sita, kila pampu ilihitaji kibali cha daktari bingwa, na bingwa alikuwa Nairobi. Klabu yao ya riadha ilimpeleka mwenzake Cynthia tu, naye mwenye pumu, maana Cynthia alishawahi kushinda.

Siku ya mchujo wa timu ya taifa, Cynthia alivuta pampu yake mbele ya waamuzi, wakamtakia heri. Mbeyu akamwendea mkuu wao, Bwana Wekesa, na yake mkononi.

"Ni dawa ile ile, bwana. Hata rangi."

"Yake ina kibali, dada. Yako ni udanganyifu."

Akakimbia bila dawa. Mzunguko wa tatu pumzi ikamtoka. Safari hii haikurudi Kuze. Ilishika njia ya ndani, ikampita Cynthia, ikakata utepe. Mbeyu alikuwa amekaa chini, kashika mbavu.

Waamuzi walishauriana. Pumzi haikuwa na kifua cha kubandika namba, basi wakaibandika mgongoni. Wakaipima, wakaikuta haina chembe ya dawa.

"Huu ndio uanamichezo," alisema Bwana Wekesa, akaipa mkono.

Ikaondoka na timu, imekaa dirishani, Cynthia ubavuni pake.

Mbeyu alibakiwa na pumzi kidogo, ya kukalia tu. Jioni moja redio ikalitaja jina lake: dhahabu.

"Umeshinda, mwanangu!" Bi Mwanaesha alipaza sauti. "Piga kigelegele!"

Mbeyu alifungua mdomo; pumzi iliyobaki haikutosha kigelegele. Bi Mwanaesha akampigia. Nyumba ya pili ikaitikia, na ya tatu, mpaka mtaa mzima ukawa unashangilia, naye Mbeyu akasikiliza, kama anayesikia harusi ya watu.