Inchi ya Nyuma ya Pazia

Mtaa mzima uliamini kwamba mume wangu ndiye fundi wa suti, na yeye hakuwahi kuusahihisha. Alikuwa na sura ya kazi hiyo. Alisimama mbele ya duka amenyooka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akiwatania wateja mpaka wakasahau haraka zao. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kijani na mkasi, chaki na cherehani. Yeye alipima na kutaja vipimo kwa sauti, mimi nikasikia na kukata. Hata kifungo hakujua kukishona, Mungu amrehemu.

Kazi nilifundishwa na baba yangu nikiwa msichana. Tulipofungua duka, mteja wa kwanza aliponiona namsogelea na futi alirudi kinyumenyume hadi akagonga mlango. Akamwuliza mume wangu kama kweli atakaa amtazame mkewe akimzungushia mwanamume mwingine mikono kiunoni. Mume wangu akacheka, akaichukua futi mkononi mwangu, na jioni ile akanunua pazia. Tulisema ni kwa muda tu, mpaka wateja watuzoee. Wakamzoea yeye.

Futi yenyewe ilikuwa na kasoro. Ncha yake ilichakaa ikaanza kuchanika, mume wangu akaikata, ikaondoka na inchi nzima ya kwanza. Tangu hapo kila kipimo alichosoma kilizidi kwa inchi moja. Nilimwambia anunue nyingine, akakataa katakata, maana alikwisha kugundua kwamba wanaume wanapenda kusikia vifua vyao vikitajwa kwa ukubwa. Akisema arobaini na tatu, mteja anavimba kama andazi, na mimi nyuma ya pazia natoa inchi yangu, nakata kwa arobaini na mbili. "Hiyo inchi nimekuachia wewe," alinitania kila tulipofunga duka, nasi tukacheka. Nilimpenda, na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja. Nyumbani, akishashiba, aliniambia kwamba bila mimi yeye ni pasi isiyo na moto. Mbele za watu hakulisema neno hilo hata siku moja.

Alipofariki, kwa homa iliyomchukua haraka, msiba ulifurika. Walisimama mmoja baada ya mwingine kuisifu mikono yake, jinsi ilivyojua kuficha kitambi, jinsi ilivyomnyoosha mtu aliyepinda bega. Nusu yao walikuwa wamevaa makoti niliyoyakata mimi. Nilikaa katikati ya wanawake, nimejifunika, nikasikiliza mikono yangu ikisifiwa na kuzikwa. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba ananionea huruma, maana nimebaki hivi hivi, sina kazi ninayoijua. Nilitaka kucheka, nikajivutia mtandio usoni.

Baadaye mama mkwe akaita kikao. Si mtu mbaya, mama mkwe wangu. Alisema duka la suti halisimami bila mwanamume mbele, kwa hiyo mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiuza simu, ataacha simu zake aje akae pale. Mambo yakienda vizuri, chumba cha duka tutaendelea nacho. Yakienda mrama, cherehani itauzwa, na mimi nitakwenda kwa kaka yangu nimsaidie mkewe kulea watoto. Nikamwambia kwamba aliyekuwa anakata ni mimi. Alinipapasa mkono kwa upole.

"Najua, mwanangu," alisema. "Ulikuwa unamsaidia sana."

Shemeji hakujua kitu cha cherehani, lakini alikuwa na sauti ya kaka yake, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia kwa muda mrefu na ukimya mtupu, nikipiga pasi vitambaa visivyo na mwenyewe ili mikono isisahau. Siku alipotaja kipimo cha kwanza kutoka upande ule, chaki ilinidondoka. Ilikuwa sauti ile ile, na majigambo yale yale ya kifua cha mteja. Kwa kitambo kifupi nikawa na mtu. Nikaokota chaki, na mkono ukafanya kama ulivyozoea, ukatoa inchi yake.

Mteja alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anamwoza binti yake. Alirudi kuijaribu suti siku mbili kabla ya harusi. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona akivuta pumzi, akivuta tena, na kifungo hakikulifikia tundu lake. Suruali ilimbana asiweze kukaa. Sijawahi kukosea kifua cha mtu maishani mwangu.

Mwalimu hakufoka. Alizungumza na shemeji kwa huzuni, kama anayempa pole upya. Fundi alikuwa marehemu, alisema, na fundi hazaliwi mara mbili. "Na yule mama aliyekuwa anamshonea vifungo," akaongeza, "mwambieni abaki na vifungo. Asiguse mkasi."

Nilitoka nyuma ya pazia alipokwisha kuondoka. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, na shingoni mwake palining'inia futi mpya ya manjano, ncha yake ya chuma ikimetameta. Nikamwuliza ya kaka yake iko wapi. Alisema alikuwa ameitia kwenye kapu la vipande, kwa kuwa imekatika mwisho na haifai kitu.

Nikakaa chini sakafuni nikapekua kapu mpaka nikaipata. Nikamweleza habari ya ile inchi, na jinsi nilivyokuwa naitoa kila siku kwa kichwa, kwa kila mwanamume aliyeingia pale, hata kwa mwalimu, aliyepimwa kwa futi nzima. Alinisikiliza huku mdomo ukifunguka taratibu.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo," alisema, "kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ilibidi niinuke nijifanye natafuta wembe wa kufumulia, asinione machozi.

Baba alinifundisha kuacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, na akiba hiyo ndiyo iliyoniokoa. Nikafumua suti yote, nikaitanua, nikashona upya bitana, nikaipiga pasi mpaka alama za mshono wa zamani zikapotea. Mwalimu alipoivaa tena, ilimkaa kama ngozi yake. Akajigeuza mbele ya kioo huku na huku. Kisha akamshika shemeji mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia kwamba sasa ameamini, mkono wa marehemu umemrudia mdogo wake.

Nyuma ya pazia nilishusha mkasi. Nilimsubiri shemeji aseme. Neno moja lingetosha.

"Asante, Mwalimu," shemeji alisema. "Tunajitahidi."

Mlango ulipofungwa alikuja akasimama upande wa pili wa pazia, hakulifungua. Akaniuliza angesema nini, na wateja si wangekimbia wote? "Duka limepona, shemeji," akaniambia, "si ndicho tulichotaka?" Sauti ilikuwa ya mume wangu kabisa, na maneno pia yangeweza kuwa yake. Sijawahi kujisikia mpweke namna ile, hata siku ya mazishi.

Kesho yake niliwahi. Nikaliteremsha pazia. Kitambaa kilikuwa kizito na bado kizuri, nikaona nijishonee koti. Vazi langu nilikuwa sijawahi kulipima. Siku zote nilijikisia, kwa kuwa hakukuwa na wa kunipima. Kifua na kiuno nikavipima mwenyewe kwa ile futi ya zamani, lakini mgongo mtu hajipimi. Shemeji alipofika nikamwomba anishikie ncha moja begani. Alirudi nyuma hatua nzima.

"Nikushike mimi? Mke wa kaka?" alisema. "Watu wataonaje?"

Sikumlaumu, ndivyo tulivyolelewa wote. Nikatandaza gauni langu la zamani mezani nikapima mgongo wake. Nilipokata, inchi yangu sikuitoa. Koti lilinipwaya kidogo kila mahali, na nikaliacha hivyo hivyo. Shemeji nilimwambia arudi kwenye simu zake au akae nimfundishe kushona vifungo. Akasema atafikiri.

Tangu hapo nakaa mbele peke yangu, nimevaa koti la kijani, futi shingoni. Wengi huchungulia wakapita. Mama mkwe amenipa hadi mwisho wa mwezi, kisha cherehani itauzwa.

Leo ameingia kijana wa ofisini mwenye kitambaa kwapani, akaniuliza kama fundi yupo. Nikamjibu kwamba yupo. Akatazama nyuma yangu, pale palipokuwa na pazia, akaona cherehani na ukuta. Akaniuliza atarudi saa ngapi.

Nikasimama, nikaivua futi shingoni. "Inua mikono," nikamwambia.

Alitazama mlango, akanitazama mimi. Akainua mkono mmoja, nami nikasubiri wa pili.